Hongera kwa Mama Mkwe

Kila Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi, Fenna Dijkhuis alifunga baiskeli yake kwenye chuma kilekile cha daraja lilelile, akazungusha mnyororo mara mbili na kuutikisa kuhakikisha. Kisha akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake, akainywa karibu yote akiwa amesimama, ameupa upepo mgongo, macho yakiwa kwenye maji ya mfereji. Baada ya hapo ndipo alipotoa karatasi mfukoni na kusoma jina la wageni ambao angewatembeza mjini siku hiyo. Hakupenda kulisoma mapema. Alikuwa mwoga wa watu wageni, na jina likimkaa kichwani usiku kucha lilimnyima usingizi.

Jumamosi hiyo ya Aprili karatasi iliandikwa: *Verschuur, watu watano. Mama anatimiza miaka sabini. Anapenda nyumba za zamani.*

Fenna akatabasamu. Akina mama wa miaka sabini walikuwa wageni wake bora. Waliuliza maswali ya maana na hawakuchoka kutazama juu. Akanyanyua kifuniko anywe funda la mwisho, na hapohapo akasikia kicheko upande wa pili wa daraja. Kilikuwa kicheko cha kwikwi, kinachokatika na kuanza upya.

Kahawa ikammwagikia mkononi.

Kicheko kile alikijua. Kilikuwa cha Annelot, dada yake Jorrit. Na kweli, Annelot huyo akatokea akiwa amemshika mkono mama yake, Bi Wilhelmien Roskam, aliyevaa koti la buluu na ua la njano kifuani. Nyuma yao alikuja Bram, mume wa Annelot, akitazama simu yake kuhakikisha kuwa daraja ndilo hilo. Verschuur! Fenna hakuwahi kuuliza jina la ukoo la Bram. Bram naye, mtu wa kompyuta, hakuwahi kuuliza jina la mtu yeyote.

Na nyuma ya Bram, mikono mifukoni, nywele zikipeperushwa na upepo, alikuwa Jorrit.

Miezi saba. Fenna alidhani miezi saba bila kumwona inatosha moyo kujifunza kukaa kimya. Moyo ukamwonyesha kwamba haukuwa umejifunza chochote.

Jorrit alimwona, akasimama katikati ya daraja kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mwendesha baiskeli akampigia kengele. "Sogea, bwana! Hapa si sebuleni kwako!" Jorrit akasogea bila kuyaondoa macho yake kwa Fenna.

"Bram," Annelot akanong'ona, kwa mnong'ono uliosikika hadi ng'ambo ya mfereji. "Umefanya nini?"

"Nimeweka nafasi. Yule mwenye sifa nyingi kuliko wote."

"Hukusoma jina lake?"

"Nilisoma nyota zake. Ana tano."

Bi Roskam alimtazama Fenna kuanzia viatu hadi kichwani, taratibu, kama mtu anayekagua ukuta uliopasuka.

Kabla mtu hajajua la kufanya, tramu ikasimama karibu na daraja na Mjomba Evert akashuka. Alikuwa kaka yake Bi Roskam, mzee mnene mwenye sauti ya baharini, aliyekaa mbali huko Zeeland ambako habari za mjini humfikia zikiwa zimepoa. Alikuja moja kwa moja akifanya kama inavyofanywa kwao siku kama hiyo, maana kwao siku ya kuzaliwa haiwi ya mtu mmoja. Kila ndugu au mkwe wa mwenye siku naye hupewa hongera yake, kwa zamu, bila kurukwa.

"Hongera, dada yangu! Sabini na bado unatembea!" Mabusu matatu. "Annelot, hongera kwa mama yako. Bram, hongera kwa mama mkwe wako. Jorrit, kijana, hongera kwa mama." Kisha akageuka, akafungua mikono yote miwili. "Na Fenna wangu! Hongera, binti, kwa mama mkwe wako!"

Akambusu shavu la kulia, la kushoto, na la kulia tena.

"Asante, Mjomba," Fenna akasema. "Na wewe hongera kwa dada yako."

Maneno yalimtoka kabla akili haijafika. Tangu akiwa na miaka mitatu ameijibu hongera hiyo hivyo, kama mtu anavyoitikia shikamoo hata akiwa usingizini. Lakini safari hii, yalipokwisha kutoka, alisikia alichokikubali mbele ya watu wote, na uso wake ukawaka hadi masikioni.

Jorrit alikuwa ameinamisha kichwa, lakini Fenna aliona kona ya mdomo wake ikitetemeka, asijue kama ni kicheko au kilio.

"Evert," akasema Bi Roskam, "huyu ni mwongozaji wetu wa leo."

"Najua ni mwongozaji. Si ulinisimulia mwenyewe Krismasi ya mwaka juzi?"

"Ni mwongozaji tu."

Mzee akatazama uso mmoja hadi mwingine. "Kwani nimekosea nini?"

"Mama, tuondoke?" Annelot akauliza. "Tukanywe kahawa mahali, basi."

Bi Roskam akafunga kifungo cha juu cha koti lake. "Bram ameshalipa. Na mvua hainyeshi. Twende." Kisha akamgeukia Fenna. "Bibi mwongozaji, tuko tayari ukiwa tayari."

Alitumia ile 'wewe' ya heshima, ambayo kwao huwekewa karani wa benki na daktari mgeni. Mwaka uliopita, mezani kwake, akimkatia kipande cha pili cha keki ya tufaha, alikuwa amemwambia, "Achana na heshima hizo, mwanangu, niite Wil." Leo alikuwa amezirudisha heshima zote, moja moja, kama mtu anayerudisha viti alivyoazima.

* * *

Fenna aliongoza. Hakukuwa na jingine la kufanya. Miguu ilijua njia, na ulimi ulijua habari za kila ukuta.

Aliwapeleka kwanza kwenye nyumba ya mbao iliyobaki ndani ya ua wa wanawake watawa wa zamani. Akawaeleza kuwa mji mzima uliwahi kuwa hivyo, mbao na nyasi, hadi moto mkubwa wa mwaka 1452 ulipoula karibu wote, na wakubwa wa mji wakaamuru kuta za matofali. Aliwaonyesha vichwa vya nyumba, zile ncha za juu za kuta za mbele, jinsi kila zama zilivyokuwa na mtindo wake: vile vya ngazi kwanza, kisha vya shingo nyembamba, kisha vya kengele. Sauti yake ilikuwa thabiti. Mikono ndiyo iliyomsaliti. Ilifungua zipu ya koti na kuifunga, ikaifungua tena.

"Mbona zimeinama hivi?" Mjomba Evert akauliza walipofika mfereji wa pili. "Zimelewa?"

"Zimeinamishwa makusudi, Mjomba. Unaona ile boriti yenye kulabu juu? Ngazi za ndani ni nyembamba, kwa hiyo kabati na kitanda hupandishwa kwa kamba kupitia dirishani. Ukuta ukiinama mbele, mzigo haugongi."

"Na ile pale, iliyolala upande?"

"Ile imelewa."

Evert akacheka mpaka akashika tumbo. Hata Bi Roskam ilibidi ageuze uso atazame bata.

Ni Jorrit peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa akimtazama Fenna anavyosema, vile alivyomtazama siku ya kwanza kabisa. Yeye ni fundi wa madirisha ya kale, na siku hiyo alikuwa juu ya ngazi akitoa kioo kilichopasuka, Fenna akiwa chini na wageni ishirini, akieleza kuhusu dirisha hilohilo. "Umekosea karne!" alimwita kutoka juu. Fenna aliona aibu siku tatu. Siku ya nne alirudi akiwa na kitabu kuthibitisha kuwa hakukosea.

Sasa akitazamwa hivyo aliongeza mwendo. Walivuka daraja, wakavuka la pili. Aliruka nyumba mbili ambazo kwa kawaida angezisemea robo saa.

"Binti!" Evert akaita, akihema. "Tunakimbizwa na nani?"

Fenna akasimama. Kengele za kanisa zilikuwa zikipiga, na upepo ulipeperusha harufu ya samaki kutoka kibanda cha pembeni. "Tupumzike kidogo," akasema. "Hapa wana heringi wazuri."

Evert, Annelot na Bram wakaenda kula, wakimshika samaki mkiani na kumshushia mdomoni na vitunguu vyake. Bi Roskam aliketi kwenye benchi, akawa anasugua goti. Fenna alikwenda kusimama ukingoni, mbali na wote. Alijua atafuatwa. Aliomba asifuatwe, na hatua zilipochelewa akaumia.

"Umekonda," Jorrit akasema nyuma yake.

"Ni upepo."

"Upepo unakondesha?"

"Usinifanyie utani, Jorrit. Leo siwezi."

Akaja kusimama kando yake, si karibu sana. Mkono wake ulikuwa juu ya chuma cha ukingo, na kucha zilikuwa na rangi nyeupe ya madirisha, kama siku zote. Fenna aliutazama mkono ule akatamani kuuweka shavuni. Akajichukia kwa kutamani.

"Sikujua kama ni wewe leo," Jorrit akasema. "Ningejua..."

"Usingekuja."

"Ningenyoa ndevu."

Fenna karibu acheke. Badala yake machozi yakamjia, na akageuka upande wa upepo ili yawe na sababu.

"Ulisema nikupe muda," akasema polepole. "Nimekupa. Mama yako ananiita bibi mwongozaji. Dada yako akinikuta sokoni anageukia karoti. Miezi saba, Jorrit, wanadhani niliingia nyumbani kwenu kupeleleza."

Maana habari yenyewe ilikuwa hivi. Bi Roskam alitaka kuiuza nyumba yake ya mferejini, nyumba ya miaka mia tatu na zaidi yenye ngazi kali kama za meli, kwa kuwa magoti yalishamshinda. Mnunuzi alipatikana, na alitaka kuibomoa ndani yote abakize ukuta wa mbele tu. Jioni moja, Fenna akiwa naye, Jorrit alibandua ubao wa dari akamulika tochi, na juu yake wakaona dari ya kwanza, boriti zilizochorwa maua mekundu na ndege wenye shingo ndefu, rangi zikiwa mbichi kama za jana. Walisimama chini yake wakiwa wameshikana mikono, wakanong'ona kama wako kanisani. "Andika wewe kwa ofisi ya majengo ya kale," Jorrit alimwambia usiku ule. "Tafadhali. Baba alikufa akiwa katika chumba hiki, Fenna. Siwezi kuona kinavunjwa. Lakini nikiandika mimi, Mama hatanisamehe." Fenna akaandika, akaweka jina lake. Ofisi ikaja, ikatazama dari, ikakataza kuvunja. Mnunuzi akaondoka. Na Jumapili moja, mbele ya kahawa na keki, Bi Roskam akaiweka nakala ya barua mezani na kusema, "Msichana huyu nilimfungulia mlango wa mbele, naye akapita wa nyuma kuniangamiza."

Jorrit alikuwa ameketi palepale. Alitazama ndani ya kikombe chake, akakoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Nitamwambia," akasema sasa. "Nakuapia. Lakini leo anatimiza sabini. Nimharibie vipi siku yake?"

"Kwenu kila siku ni siku ya mtu. Julai ni Annelot. Oktoba ni Mjomba. Desemba ni sikukuu. Niambie mwezi ambao haumo, niuandike."

"Fenna..."

"Unanitumia ujumbe saa sita za usiku kuwa umenikumbuka. Nami nausoma mara ishirini, mjinga mimi. Halafu asubuhi nikikutana na watu wako mimi ndiye mbaya na wewe ndiye mtoto mzuri." Sauti yake ilikuwa ndogo sana, ndogo kuliko ile aliyotumia kwa nyumba. "Nimechoka kuwa siri yako."

Fenna alisubiri jibu hadi mashua iliyokuwa mbali ikapita chini yao na kutokea upande wa pili. Kisha akafuta uso kwa kiganja, akarudi kwa wageni wake.

* * *

Alikusudia kuwageuza kushoto kwenye maghala ya viungo, amalize haraka, apande baiskeli yake, alie vizuri akiwa anaendesha. Lakini kwenye kona Bi Roskam akasimama.

"Kushoto kuna nini?"

"Maghala, Bi Roskam. Ya karne ya kumi na saba."

"Na kulia kuna nyumba yangu." Akatangulia kulia mwenyewe, akichechemea, ua la njano likitikisika kifuani. "Ninapenda nyumba za zamani. Si ndivyo Bram alivyoandika?"

"Mama, jamani," Annelot akasema.

"Jamani nini? Ni siku yangu."

Wakasimama mbele ya nyumba. Ilikuwa na shingo nyembamba ya mawe meupe, kulabu juu, mlango wa kijani kibichi. Dirisha la chini halikuwa na pazia, kama mengine yote ya mtaa ule, na ndani ilionekana meza iliyokwisha kuandaliwa, keki ikiwa katikati, viti vikiwa vimepangwa duara. Kwa jirani, mwanamke mmoja aliacha kumwagilia maua ili asipitwe na kitu.

"Tusimulie," akasema Bi Roskam.

Fenna akainua macho kwenye kulabu. "Ilijengwa na mfanyabiashara wa mapipa ya heringi. Imesimama juu ya nguzo arobaini na mbili za msonobari, zilizopigiliwa kwenye tope mpaka zikafika mchanga mgumu. Kichwa chake cha kwanza kilikuwa cha ngazi. Mjukuu wake akaona ni cha kizamani, akaweka hicho cha shingo. Baadaye wakakaa watengeneza kofia, kisha mwalimu wa muziki, kisha familia ya Roskam."

"Na baada ya hapo?"

"Bi Roskam..."

"Umesimulia moto wa mwaka 1452 kama uliuona kwa macho. Simulia na ya mwaka jana. Waambie jinsi mwanamke mwenye magoti mabovu alivyofungiwa na ngazi thelathini na nane, kwa sababu msichana aliyekula mezani kwake aliandika barua. Historia yako inaishia wapi?"

Fenna aliona kila kitu kwa mara moja: uso wa mama uliojaa maumivu ya kweli, Annelot akiuma mdomo, Evert akiwa haelewi. Neno moja tu lilitosha. *Muulize mwanao.* Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, halali yake kabisa. Lakini kama angelisema yeye, asingejua kamwe kama Jorrit angelisema.

"Ya mwaka jana nayajua yote," akasema. "Lakini si mimi wa kuyasema. Magoti yako yananiuma, Bi Roskam, kweli kabisa. Hilo tu ndilo langu. Matembezi yetu yamefika mwisho. Heri ya siku yako."

Akageuka akaanza kwenda. Hakumtazama Jorrit. Alihesabu hatua zake kwenye mawe, moja, mbili, tano, tisa. Kwenye ya kumi na mbili sauti ikapasuka nyuma yake.

"Ni mimi!"

Mwanamke wa maua akaweka kopo lake chini.

"Ni mimi, Mama. Barua ile nilimwomba mimi. Yeye hakutaka. Nilimwambia aweke jina lake kwa kuwa nilikuogopa."

"Unasema nini?" Bi Roskam akauliza, taratibu.

"Sikutaka uiuze. Chumba cha Baba... Niliona ile dari nikashindwa. Ningekwambia tutafute njia, ukae chini, mimi nipande juu, tutie lifti ndogo, chochote. Lakini nilijificha nyuma ya msichana. Na ulipomfukuza, nilikoroga kahawa."

"Miezi saba?"

"Miezi saba."

"Umeniacha nimchukie mtoto wa watu miezi saba, nikimsema kwa majirani, kwa daktari, kwa kila mtu?" Sauti ya mama ilikatika. Aliinua mkono kana kwamba atampiga, kisha akaushika ukingo wa ngazi ya mlango, akakaa hapo juu ya jiwe, na koti lake zuri. "Mjinga wewe. Ungeniambia kuhusu baba yako. Unadhani mimi ningekipita chumba kile bila kulia?"

Jorrit akapiga magoti mbele yake. Evert akatoa kitambaa akapenga kamasi kwa kishindo. Bram akatazama simu yake, Annelot akampokonya.

Fenna alikuwa amesimama pale kwenye hatua ya kumi na mbili, asiweze kwenda wala kurudi.

"Na wewe!" Bi Roskam akamwita. Heshima zote zilikuwa zimemtoka. "Njoo hapa. Wewe ulinyamaza kwa nini? Ulikuwa na mdomo. Ungekuja ukanigongea, ukaniambia, 'Wil, ni mwanao.' Kwa nini hukusema?"

Fenna akarudi, hatua kwa hatua. Jorrit akanyanyuka, macho mekundu, mikono yenye rangi ikining'inia isijue pa kwenda. Madirisha yote ya mtaa yalikuwa wazi. Kila mara alipozungumza mbele ya watu, alizungumza habari za wafu na matofali. Aliisikia sauti yake ikianza ndogo, na akailazimisha ikue.

"Kwa sababu nampenda," akasema. "Nilitaka anitetee mwenyewe, si nimlazimishe." Kisha akamgeukia Jorrit, akamtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza siku ile. "Nimekukasirikia sana, na itachukua muda kunitoka. Na nimekukosa kila siku. Jumbe zako za usiku sizitaki tena. Nataka unipende mchana, Jorrit, mbele ya watu."